Maji Yaliyopungua Bila Kudondoka

Kwa wiki tatu pikapu yangu ya dizeli ilikuwa ikipunguza maji ya rejeta, kiasi cha kikombe kimoja kila baada ya siku mbili, bila tone hata moja kuonekana chini mahali nilipoiegesha. Niliongeza maji nikaendelea na safari zangu. Kumbe kikombe hicho kilikuwa kimeshasema kila kitu, kwa sababu maji ya injini huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na yakipungua bila kuvuja nje, basi yanapotelea ndani: ama yanaingia kwenye silinda na kutoka na moshi kama mvuke, ama yanajichanganya na oili.

Kilichonipotosha ni mshale wa joto. Ulikuwa ukipanda nilipokwea mlima na mzigo, kisha ukirudi katikati barabara ilipotulia, nami nikakata shauri kwamba themostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenda rejeta, imekwama. Nilinunua mpya, ikafungwa, na hali ikabaki vilevile. (Kununua kipuri kabla ya kupima ni ugonjwa wa wenye magari wengi, nami nimo.) Siku moja mshale ulishuka ghafla huku injini ikinuka joto kali, nami nikafurahi. Sikujua kwamba sensa ya joto husoma sawasawa ikiwa imezama kwenye maji, na kwamba maji yakishuka chini yake dashibodi inaweza kuonyesha ubaridi wakati injini inaungua.

Kipimo kilichonifumbua macho hakikuhitaji kifaa chochote. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nilifungua kifuniko cha rejeta, nikajaza maji hadi mdomoni, kisha nikamwomba mwanangu awashe gari. Mapovu machache ya mwanzo si neno, kwa kuwa hewa iliyonaswa hutoka na kuisha. Ya kwangu hayakuisha. Yalipanda kwa mapigo, na mwanangu alipokanyaga mafuta kidogo, maji yakaruka na kumwagikia mikono yangu. Nilizima, nikafunga kifuniko, tukawasha tena, na ndani ya dakika moja mpira wa juu wa rejeta ulikuwa mgumu kama fimbo ilhali maji bado ni baridi. Gesi ya silinda ilikuwa ikipenya kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko kizito cha juu ya silinda. Jambo hili lisifanywe kamwe injini ikiwa ya moto: kifuniko huzuia mgandamizo wa karibu bar 1, ambao huyafanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 120, na kikifunguliwa huchemka papo hapo na kumrukia mtu usoni.

Baada ya hapo nilivuta stiki ya oili kwa woga. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na oili ya namna hiyo haiwezi tena kuibeba krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, hivyo beringi zake huanza kuliwa. Yangu ilikuwa nyeusi, kama ilivyo kawaida ya dizeli.

Moshi nao una lugha yake. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, hasa ukiwa na harufu tamu ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), ulilingana na tatizo langu. Wa bluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na ukiona moshi unapuliza kwa nguvu, shuku ringi za pistoni. Mweusi mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda, na hauna haraka sana.

Lenye haraka ni mlio mzito wa kugonga unaotoka chini ya injini na kukua kadiri unavyokanyaga mafuta. Ukiambatana na taa nyekundu ya oili, zima hapo hapo ulipo, hata kama nyumbani kumebaki kilomita 2, kwa sababu injini inaweza kunoki, yaani kukwama na kufa, katika mwendo mfupi kama huo.

Hedi ilipofunguliwa, gasketi ilikuwa na mstari mweusi, mwembamba kuliko ukucha, kutoka silinda ya tatu hadi tundu la maji. Fundi aliilaza rula ya chuma juu ya hedi, akamulika tochi upande wa pili, na mwanga ukapita katikati, ishara kwamba hedi imepinda. Hedi ikapelekwa kuchongwa. Themostati ya zamani, niliyokuwa nimeitupa chini ya kiti, tuliitia kwenye sufuria ya maji ya moto, ikafunguka bila tatizo lolote.