Mafunzo ya wakutubi yaanzie kwenye toroli la vitabu, si ukumbini

Semina ya siku tano kuhusu Koha, programu ya kompyuta ya kuendesha maktaba, ina mwendo wake unaojulikana. Jumatatu ni mgeni rasmi na hotuba, Jumanne ni historia ya kompyuta maktabani, Jumatano na Alhamisi ndiyo kwanza watu wanagusa kibodi, Ijumaa ni vyeti na picha ya pamoja. Mkutubi anarudi kituoni na flashi iliyojaa slaidi. Miezi mitatu baadaye vitabu vipya bado vimo kwenye maboksi sakafuni, na rejista ya mkono ndiyo inayofanya kazi.

Tatizo si uvivu. Ukumbini walifundishwa kwa vitabu vya Kiingereza ambavyo rekodi zake zipo tayari Library of Congress, maktaba kubwa ya Marekani: unaandika ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), unabofya, rekodi inaingia. Kituoni, boksi la kwanza lina diwani iliyochapwa Dar es Salaam, ripoti ya halmashauri isiyo na ISBN, na kitabu cha watoto kisicho na mwaka wa kuchapwa. Halafu kuna suala la ruhusa. Akaunti yake ya Koha inamruhusu kuazimisha na kupokea vitabu tu. Hawezi kuhariri katalogi, na fundi wa TEHAMA aliye makao makuu hana habari kwamba kuna mtu katoka semina. La tatu linauma ila tuliseme: aliyepelekwa ni mkuu wa maktaba kwa sababu kuna posho, na anayekatalogi kila siku ni msaidizi aliyeachwa kaunta.

Mwongozo wa IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, wa mwaka 2016 kuhusu mafunzo endelevu unashauri taasisi itenge kati ya asilimia 0.5 na 1 ya bajeti yake kwa kuendeleza watumishi, na kama asilimia 10 ya saa za kazi kwa kujifunza. Bajeti ni ugomvi wa kila mwaka. Saa ni jambo jingine: kwa wiki ya saa 40, asilimia 10 ni saa nne, na saa nne zipo hata kwenye maktaba yenye watumishi watatu. Zigawe hivi: saa mbili za pamoja asubuhi kabla wasomaji hawajajaa, saa moja ya kila mtu peke yake, na saa moja ya kurudi nyuma kusahihisha rekodi za zamani kwa kile mlichojifunza wiki hiyo. Hiyo ya mwisho watu huikata wakiona kazi imebana, na ndiyo inayofanya somo ligande.

Kabla ya somo la kwanza, tengenezeni uwanja wa mazoezi. Koha ni programu huria iliyozaliwa New Zealand mwaka 1999 (jina ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi), kwa hiyo hakuna leseni ya kununua. Kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 4 na mfumo endeshi wa Debian inatosha. Amri ya koha-create huzalisha maktaba mpya tupu ndani ya mashine hiyohiyo. Iiteni "mazoezi" na kila mmoja apewe ruhusa zote humo. Msifundishane kwenye katalogi halisi. Koha ina zana ya kufuta rekodi kwa mkupuo, na anayejifunza hubofya kila kitu, kama inavyotakiwa.

Sasa toroli. Pakieni vitabu kumi vya maktaba yenu wenyewe: riwaya tatu za Kiswahili, diwani moja, tamthilia moja, ripoti mbili za serikali, kitabu kimoja kilichotafsiriwa, kimoja cha watoto, na kimoja cha Kiingereza ambacho jina lake linaanza na The. Kila wiki chagueni viwili tu. Kila mtu akatalogi vitabu hivyohivyo viwili bila kuchungulia kwa jirani, kisha chapeni rekodi zote kwenye karatasi na muziweke mezani sambamba. Hapo ndipo darasa linapoanzia. Watu wanne watatoa namba tatu tofauti za rafu kwa kitabu kimoja, na mabishano yatakayofuata yatawafundisha kuliko slaidi mia.

Chukua diwani. Katika Dewey, mfumo wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, lugha ya Kiswahili iko 496.392 na fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Maktaba ndogo nyingi hutupa kila chenye Kiswahili kwenye 496.392, kwa hiyo sarufi, kamusi na riwaya za mapenzi hulala kitanda kimoja. Ukishafika 896.392 unaongeza tarakimu ya utanzu: 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa hadithi za kubuni. Diwani inakuwa 896.3921, riwaya 896.3923. Msaidizi atauliza mbona rekodi aliyoishusha kutoka nje inasema PL8704. Hiyo ni namba ya mfumo wa Library of Congress, na hukaa kwenye fildi 050 (fildi ni sehemu ya rekodi yenye namba yake). Ya Dewey hukaa 082. Asiyejua tofauti hiyo hunakili anachokiona kwanza, na ndiyo maana kwenye rafu za Dewey unakuta kitabu kimoja chenye lebo ya PL kikiwa kama mgeni aliyekosea msiba.

Maktaba za kwetu hubanwa zaidi baada ya hapo, kwa sababu 896.3923 inaweza kujaza ukuta mzima. Desturi ya kuongeza herufi tatu za jina la mwandishi hukwama kwenye majina yetu: Mwakalinga, Mwangi, Mwanjala na Mwaipopo wote ni MWA. Jedwali la Cutter la Library of Congress, la kugeuza herufi za jina kuwa tarakimu, halisaidii moja kwa moja, maana limetungwa kwa majina ya kwao: baada ya konsonanti ya kwanza linatoa tarakimu kwa a, e, i, o, r, u na y, na W baada ya M haimo. Unachukua iliyo karibu, 9 ya y. Kisha unaingia jedwali la kuendeleza, ambamo a–d ni 3, e–h ni 4, i–l ni 5, m–o ni 6, p–s ni 7, t–v ni 8 na w–z ni 9. Mwakalinga anakuwa M935. Mwangi na Mwanjala wote wanaangukia M936, kwa hiyo unasonga herufi moja mbele: g ni 4, j ni 5, nao wanakuwa M9364 na M9365. Fanyeni majina ishirini ya hapo kwenu kwa kalamu. Inachukua dakika arobaini, na hakuna atakayesahau. Mkiona ni mzigo, amueni herufi tano badala ya tatu na mshikilie hapo. Ubaya ni kuchanganya mitindo miwili kwenye rafu moja.

Majina yana shida nyingine kabla ya kufika kwenye lebo. Fildi 100, ya jina la mwandishi, inataka uamue jina lipi linatangulia. Shaaban Robert umtafute kwenye R au S? Katalogi isiyoamua humpasua vipande viwili, nusu ya vitabu vyake huku na nusu kule, na msomaji huondoka akiamini maktaba ina vichache. Muyaka bin Haji hana jina la ukoo kwa maana ya kizungu. Hakuna mtu wa Mombasa atakayemtafuta kwenye Haji. Huyo anaingia kama Muyaka bin Haji, na kiashirio cha kwanza cha fildi 100 (tarakimu inayoiambia kompyuta namna ya kuisoma fildi) kinakuwa 0, yaani jina linaanza na jina la mtu mwenyewe. Penye jina la ukoo kiashirio ni 1. Koha ina sehemu ya majina yaliyoidhinishwa: ingizeni umbo mlilochagua, na umbo la pili liwe la kuelekeza, ili anayeandika "Robert, Shaaban" na anayeandika "Shaaban Robert" wafike mlango mmoja.

Kosa jingine ni dogo kwa sura ila linasumbua miaka. Fildi 245 ya jina la kitabu ina kiashirio cha pili kinachoiambia kompyuta iruke herufi ngapi wakati wa kupanga. Jina linaloanza na The hupewa 4: herufi tatu na nafasi moja. Kiswahili hakina kitu cha aina hiyo, kwa hiyo daima ni 0. Sasa msaidizi anataka kuokoa muda, anafungua rekodi ya kitabu cha Kiingereza, anainakili kama mpya na kubadilisha maneno. Ile 4 inabaki. Kitabu kiitwacho Safari kinapangwa kama "ri", na atakayeangalia orodha kwenye S hatakiona. Kwa macho rekodi iko sawa kabisa. Ukisikia "kitabu kipo lakini hakionekani", anzia hapo.

ISBN nayo. Vitabu vingi vya Kenya vina 9966, vya Tanzania 9976 au 9987. Kitabu cha kabla ya 2007 kina tarakimu 10, toleo lake la baadaye lina 13, na rekodi ya nje inaweza kuwa na moja tu kati ya hizo. Wengi huondoa 978 ya mbele na kutafuta kwa zilizobaki, wanakosa, wanaandika rekodi upya. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi na hukokotolewa kwa njia tofauti katika mifumo hiyo miwili, kwa hiyo kukata mbele peke yake hakutoshi. Ikishindikana, tafuteni kwa jina na mwandishi kabla ya kuandika chochote. Rekodi pacha huzaliwa kwenye haraka ya namna hii.

Kila mabishano ya mezani yaishe kwa sentensi moja kwenye daftari la maamuzi: tarehe, suala, tulichoamua, mfano. "Ripoti za halmashauri: jina la halmashauri fildi 110, mwaka wa fedha uandikwe 2022/2023." Kwa kawaida kurasa ishirini hujaa ndani ya mwaka. Mtumishi mpya apewe hilo siku ya kwanza, kabla ya nenosiri.

Mnajuaje kama mafunzo yanafanya kazi? Vyeti havipimi. Kabla ya wiki ya kwanza, toeni ripoti tatu kwenye Koha: rekodi zisizo na namba ya rafu, rekodi zisizo na nakala hata moja, na ISBN zinazojirudia. Andikeni idadi. Baada ya wiki nane zitoeni tena. Kisha chukueni rekodi mpya 20 bila kuchagua na kagueni mambo matano kwa kila moja: jina la mwandishi, viashirio vya 245, namba ya rafu, vichwa vya mada, na msimbo wa lugha (swa kwa Kiswahili, rekodi zilizonakiliwa huwa zimebaki na eng). Jumla ni alama 100, na somo la miezi miwili ijayo litajionyesha lenyewe pale alama zilipopotea.

Kaunta nayo ina mtaala wake. Wekeni daftari la maswali yaliyotushinda: msomaji aliuliza nini, tulitafuta wapi, tulikwama wapi. Chuoni mtaona majarida ya kisayansi yanajirudia, na hapo somo ni Research4Life, mpango wa kufungulia taasisi majarida hayo mtandaoni, ambayo ndani yake kuna Hinari ya afya na AGORA ya kilimo. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja. Maktaba nyingi zimesajiliwa tayari na nenosiri limefungiwa kwenye droo ya mtu aliyestaafu.

Robo mwaka mara moja somo liwe la kurudisha data. Koha iliyowekwa kwa vifurushi vya Debian hujitengenezea nakala rudufu kila usiku na kuziweka /var/spool/koha, lakini kwenye diski ileile na za siku chache tu. Diski ikifa, zimekwenda pamoja. Nakilini mafaili mawili ya jana (la sql.gz na la tar.gz) kwenye diski ya nje, na muyarudishe kwenye mashine nyingine kwa koha-restore. Mara ya kwanza itashindikana. Mara nyingi toleo la Koha halilingani, au faili moja limeachwa.

Masomo ya kukaa darasani bado yana nafasi yake. Astashahada na stashahada za chuo cha ukutubi cha SLADS Bagamoyo, au shahada za vyuo vikuu vya Moi na Makerere, hutoa misingi ambayo saa nne za wiki haziwezi kuitoa, na muundo wa utumishi hauangalii daftari lenu la maamuzi mtu anapopandishwa daraja. Ila hata huko wekeni kumbukumbu za saa. Uingereza, chama cha wakutubi cha CILIP kinawataka wanachama wanaohuisha sifa zao waonyeshe saa 20 za kujifunza kwa mwaka, pamoja na maelezo mafupi ya walichobadilisha kazini. Kwa saa nne za wiki mnazipita hizo ndani ya mwezi na nusu. Jedwali la safu nne linatosha: tarehe, saa, nilichojifunza, nilichobadilisha. Safu ya nne ikibaki tupu wiki tatu mfululizo, badilisheni somo.

Ikija barua ya uhamisho, anayeondoka asitumie wiki yake ya mwisho kumaliza maboksi. Akae na anayepokea kwa vitabu kumi, mpokeaji akiwa ndiye mwenye kibodi. Daftari la maamuzi lisainiwe kwenye makabidhiano kama funguo, na nenosiri la msimamizi libadilishwe siku hiyohiyo.