Family Feud sebuleni kwetu Tabata

Kama kwenu ndugu wanakutana Jumapili kisha kila mmoja anainamia simu yake, jaribuni Family Feud. Ni mchezo wa televisheni wa Marekani ulioanza 1976, na vipande vyake vimejaa YouTube, vingi vikiwa vya mtangazaji wake Steve Harvey. Naupenda kwa sababu hauulizi jibu sahihi ni lipi. Unauliza watu 100 waliohojiwa kabla walijibu nini; pande mbili zinashindana kubahatisha, na kila mtu aliyetoa jibu hilo ni pointi moja. Aliyesoma sana na aliyeishia la saba wanaanza sawa.

Hapo ndipo wengi wanapouharibu: wanapakua maswali ya Wamarekani, wanatafsiri, halafu wanashangaa sebule imepoa. Maswali lazima yatoke hapa na majibu yakusanywe hapa. Watu 100 ni wengi, kwa hiyo mimi nauliza 50 na kila mtu anabeba pointi mbili. Napita kijiwe cha bodaboda, saluni, kwa mama wa genge, kwa wazee wanaokaa barazani jioni. Usiulize saluni peke yake, utapata mawazo ya saluni. Na usimuulize mtu atakayecheza.

Kazi kubwa ni kupanga majibu. Swali la kisingizio cha kuchelewa kazini liliniletea foleni, jamu, daladala zimejaa, mvua, mtoto anaumwa. Foleni na jamu nimeziweka pamoja. Daladala zimejaa ni jibu lake lenyewe, maana huyo bado yuko kituoni. Amua hayo mapema uyaandike, vinginevyo mtagombana hadi usiku. Jibu la mtu mmoja tu naliacha.

Bodi yetu ni mlango wa kabati. Majibu nayaandika kwenye vipande vya manila, nabandika selotepu juu tu, maandishi yakiwa kwa ndani, na jibu likipatikana nakifunua. Badala ya kengele tunaweka kofia katikati ya meza. Mmoja wa kila upande anasimama mikono nyuma, wa kuiwahi ndiye anayeanza kujibu. Upande unaocheza ukikosea mara tatu, wenzao wanapata nafasi moja tu ya kunyakua pointi zote.

Nafasi hiyo ndiyo utamu wenyewe. Juzi tuliuliza: taja kitu unachompelekea mgonjwa aliyelazwa. Vijana walipata matunda, uji, juisi, maji, supu, kisha wakakwama. Simu, wamekosa. Maua, wamekosa. Biskuti, wamekosa tena. Kimebaki kipande kimoja mlangoni. Upande wa pili wote wakamgeukia Bibi.

"Haya Bibi, tuokoe."

Bibi hakuharakisha. "Kanga," akasema. "Sasa mgonjwa atajifunika nini?"

Nikafunua: kanga, pointi nane. Wajukuu walimbeba juujuu na kiti chake. Wale wanne walioitaja wote walikuwa kina mama wa barazani, na ndiyo maana sichoki kuwafuata.

Raundi ya mwisho tunaicheza kama ya televisheni: maswali matano, wa kwanza ana sekunde 20, wa pili 25 kwa maswali yaleyale, na wakifikisha 200 kwa pamoja wameshinda. Wa pili tunamtoa mpaka getini, maana jikoni anasikia kila kitu. Walioshindwa wanaosha vyombo, na baada ya pilau la watu kumi na tano si adhabu ndogo. Wiki hii nakusanya majibu ya vitu vinavyouzwa kwenye foleni ya Ubungo.