Danzi la Sevilla

Juzi nilisimama dukani kama mwehu, nimeshika chungwa puani. Machungwa ya Sevilla huingia madukani huku Uingereza mwezi wa Januari, wiki chache tu, kwa ajili ya wapika jamu. Ganda lina makunyanzi, mbegu hazihesabiki. Binti yangu akanivuta mkono: "Mama, mbona unalinusa hivyo? Watu wanatutazama."

Nikalinunua. Moja tu. Kijana wa kaunta aliligeuza mara mbili kana kwamba nimemletea jiwe.

Binti sikumweleza, kwa sababu ningeanzia wapi? Lile si chungwa la kula, ni danzi, lile chungu. Na danzi ni Mama, Aprili 2018, kando ya barabara ya mji wa Sevilla, Hispania, amenyoosha mwavuli anaangua tunda la serikali ya mji.

Habari ya viza yake ni ndefu, siisimulii. Wala ya ndugu yangu aliyeahidi kuja nasi, asije. Tulikwenda wawili. Mji mzima ulikuwa unanukia maua ya michungwa, na siku ya kwanza Mama alidhani kuna arusi mtaa wa pili. Alipoonja tunda lenyewe akakunja uso, halafu akacheka. "Madanzi haya! Wamepanda madanzi mji mzima na hapana anayeyala." Akatia matatu mkobani. Kwao Lamu danzi halitupwi.

Mnara wa Giralda, ule wa kanisa kuu uliokuwa wa msikiti zamani, hatukuupanda. Nilimwambia ndani karibu wote hauna ngazi, una njia ya mteremko inayozunguka hadi juu, inasemekana ili mwadhini aweze kupanda akiwa juu ya mnyama. Mama akashika goti lake. "Basi walete punda."

Kisha basi la mwendo wa saa tatu hadi mji wa Granada, mizeituni kulia na kushoto, Mama amelala njia nzima. Alipoamka akaiona theluji juu ya Sierra Nevada, huku chini watu wamevaa mikono mifupi. Akasema subhanallah, akalala tena.

Ninachotaka kusimulia ni asubuhi iliyofuata.

Mliofika Alhambra, ile ngome ya kale ya Granada, mnajua: tiketi ya majumba ya wafalme Waislamu wa ukoo wa Nasri ina saa yake, ukichelewa imekwenda. Yetu ilikuwa saa nne na nusu. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi, saa mkononi, simu mkononi. Mama alikuwa na mkoba wa madanzi. Nilimkimbiza mama wa miaka sitini na tisa juu ya changarawe kama mtu anayewahi feri.

Tukaingia. Ua mrefu, katikati bwawa la maji yaliyotulia, kandokando ua wa mihadasi iliyokatwa sawasawa. Mama akasimama. "Birika hili," akasema. Wahispania hadi leo bwawa la namna ile huliita *alberca*, ni neno lilelile, lakini hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilikuwa natafuta pa kumpigia picha.

Nilipogeuka hakuwa tena kwenye bwawa. Alikuwa ameusogelea ukuta, miwani puani, kidole hewani pasipo kugusa, anafuata nakshi ya chokaa. Midomo inatembea. Nilidhani anasoma dua. Kumbe anaunganisha herufi, vile alivyofundishwa chuo cha Kurani akiwa mtoto: hii lamu, hii alifu, hii ghaini. Ikachukua muda. Mwandiko wenyewe umepindapinda, na nukta zimejificha kwenye maua.

"Wa la ghaliba illallah," akasema. Akanigeukia, uso umemwangaza. "Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Na hapa tena. Na pale tena!"

Ni kweli, maneno yale yamerudiwa kila mahali katika majumba yale.

"Wenyewe wakaendaje?" akauliza.

"Walishindwa, Mama. Mwaka 1492 wakautoa mji."

Akalifikiria. "Basi walisema kweli."

Nikacheka, na kama ningeishia kucheka, hadithi ingeisha vizuri. Lakini Mama sasa alikuwa ameonja. Akaanza kuufuata ukuta, anasoma kila anachokiweza, na sauti ikawa inapanda kidogokidogo mpaka ikashika ile lahani ya chuoni, ya watoto mkekani. Kundi moja la watalii likanyamaza. Mzee mmoja akavua kofia, sijui kwa nini. Mlinzi hata hakutazama. Mimi ndiye niliyesikia joto shingoni. Mimi, niliyelipa, niliyepanga, niliyemleta ili aone.

"Mama," nikasema kwa meno, "punguza sauti, watu wanatutazama."

Akanyamaza palepale. Si kwa hasira, bali kama mtu aliyezima taa akitoka chumbani.

Mama mmoja wa kizungu akanijia, akaniomba kwa adabu nimwulize kama anaweza kumsomea tena. Nikatafsiri. Mama akatabasamu. "Mwambie miwani nimeisahau hotelini."

Miwani ilikuwa usoni pake.

Tukaendelea. Kwenye tao la kuingilia ukumbini, ndani ya unene wa ukuta, mna vidaka viwili vidogo, kimoja kila upande, vimezungukwa na maandishi. Pale alisimama kidogo, akanishika kiwiko. "Ndoo uone, mamangu. Hapa ndipo pa mtungi wa mai." Nikasema ndiyo, ndiyo, twende kwenye simba wa mawe. Simba wako kumi na wawili. Nina picha zao arobaini na kitu. Ya Mama ukutani sina hata moja.

Miaka miwili baadaye nilisoma tafsiri ya mashairi ya mle ndani. Yale ya kuzunguka vidaka yanazungumzia chombo cha maji, kimesimama humo kama mtu anayesali mihrabuni. Hivyo ndivyo kulivyoandikwa, shubiri moja kutoka puani pake, na yeye alikuwa amekwisha kufunga mdomo.

Jana nilimpigia Lamu. Siku hizi ana mtoto wa jicho, msahafu anasikiliza redioni. Nikamwuliza kama anakumbuka safari yetu.

"Nakumbuka madanzi. Yangaliko?"

Nikamweleza habari ya kidaka na shairi lake. Ya kumnyamazisha sikuitaja, naye hakuitaja. Akakaa kimya kidogo.

"Sasa si ndivyo nilivyokwambia?"

Kisha akauliza danzi nimelinunua pesa ngapi. Nikamtajia, kwa shilingi. Akacheka mpaka akakohoa.