Nilivyofika Hombolo kwa baiskeli bila kupigiwa honi

Neno "inapitika" ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku mkoa mzima wa Dodoma. Lilinigharimu pancha 9 kwa siku moja, tyubu mbili, na heshima kidogo niliyokuwa nimebakiza mbele ya shemeji yangu. Na yeye ndiye aliyelitamka.

Nilihamia huku 2017, enzi zile tunaifuata Serikali na maboksi yetu. Nikapata kiwanja Nzuguni, nikajenga, na kitambi nacho kikajenga. Ndipo nikanunua baiskeli ya mtumba ya Kijapani yenye gia, laki mbili na ushee, ukiongeza breki na tairi mpya inakaribia laki tatu. Lengo halikuwa mazoezi tu. Binamu yangu aliyesoma Ujerumani alinichosha kwa hadithi za mto Mosel: njia ya baiskeli inafuata mto, upande huu maji, upande ule mizabibu imepanda kilima, na honi huisikii kutwa nzima. Nikamwambia mizabibu hata sisi tunayo. Akacheka, akauliza, "Na mto?"

Mto tunao. Kinyasungwe Ndogo unapita humu, unaingia bwawa la Hombolo, na maji yake safari yao ni ndefu mpaka Wami na Bahari ya Hindi. Tatizo ni kwamba miezi mingi ya mwaka mito ya Ugogo hulala chini ya mchanga. Unaona korongo jeupe, kavu, pana kama uwanja wa mpira, na maji yako humo humo kwa anayejua kuchimba. Mji wenyewe umekunywa maji ya visima vya Makutupora kwa miaka mingi, yanatoka ardhini, kwa hiyo asiniambie mtu Dodoma hakuna maji. Yamejificha.

Basi nikaamua kwenda Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu, lami niikwepe. Lami ya Morogoro nilishaijaribu mara moja hadi Ihumwa. Basi moja lilipita karibu hadi nikahisi joto la injini kwenye sikio, na hiyo ikatosha. Kando ya reli ya zamani, ile ya Mjerumani, nako nilijaribu, kokoto zikanirudisha kabla sijatoka mjini.

Shemeji ana pikipiki. Akaniambia, "Fuata korongo tu, shem, kuna njia nyeupe kabisa. Inapitika." Nikamwamini kwa sababu amezaliwa huku. Sikujiuliza inapitika na nani.

Korongo kwa pikipiki ni mchezo: unakaza mafuta, matairi yanarusha mchanga, umevuka. Kwa baiskeli na kilo zangu 94, gurudumu la mbele lilizama kama kijiko kwenye uji na mimi nikaendelea na safari peke yangu. Nilianguka mara tatu kabla ya saa 2 asubuhi. Mara ya tatu mbele ya watoto wa shule, ambao hawakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Walinipa pole kwa sauti ya msibani.

Nikapanda ukingoni, nikaona ardhi ngumu, nikashukuru. Kumbe nimeingia kwenye mbigili. Kama hujawahi kuishi huku, mbigili ni kamjani katambaacho kenye maua ya njano mazuri tu. Mvua ikiisha kanakauka, kanaacha mbegu zenye miiba, na jinsi kalivyoumbwa, uiangushe utakavyo, mwiba mmoja lazima uangalie juu. Nilisikia pssss. Nikashuka, nikaziba. Hatua mia mbili, pssss ya nyuma. Hapo nikagundua jambo la pili: tundu dogo kama la sindano hulioni kwa macho, unahitaji maji ya kutumbukiza tyubu.

Na maji nikayaona! Katikati ya korongo kulikuwa na kisima cha kuchimbwa mchangani, kina cha goti hivi, maji yametulia safi kabisa. Nikapiga magoti, nikashika tyubu yangu yenye vumbi la nchi nzima, nikainama.

"We baba! We baba! Hayo tunakunywa!"

Alikuwa mama mmoja na ndoo yake, na nyuma yake mzee amekaa kivulini chini ya mgunga na ng'ombe wake. Nilitamani mchanga unimeze. Nikaomba radhi, nikasalimia kwa Kigogo, "Mbukwa", kwa lafudhi ya Temeke, wakaitikia kwa huruma. Mzee akaniita. Akachukua tyubu, akaniambia niijaze upepo, kisha akaipitisha taratibu karibu na mdomo wake, akiwa ameulamba kwanza. "Hapa," akasema. Akazungusha. "Na hapa. Na hapa, mwanangu." Mdomo wenye unyevu unahisi upepo ambao jicho halioni. Nimefanya kazi ofisini miaka 19 na sikuwahi kufundishwa kitu kwa ufupi kiasi hicho.

Wakati solusheni inakauka akapita kijana na baiskeli moja ile nzito ya chuma, haina gia, madumu manne ya lita 20 yamefungwa kwenye keria. Piga hesabu, kilo 80 za maji. Akapita pale pale niliposhindwa mimi. Nikamuuliza anapata pancha ngapi kwa siku. Akafikiri. "Kwa siku? Labda mbili kwa mwezi."

Nikamfuata kwa macho nikaelewa. Mwenye kilo 80 za maji hana mchezo na njia. Hapiti kwenye mchanga, hapiti kwenye mbigili, hapandi mlima anaoweza kuuzunguka. Anapita njia za ng'ombe, kwa sababu kwato zimeshindilia ardhi na miiba imeshasagwa au imeondoka na kwato. Na korongo analivuka pale tu ng'ombe wanapolivuka. Kwa hiyo ramani ya njia za baiskeli Dodoma ipo, imechorwa mavumbini na matairi ya wachota maji na wauza mkaa. Ukiona alama ya tairi la baiskeli, nyembamba na iliyozama, maana yake mtu alikuwa na mzigo. Ifuate. Ukiona ya pikipiki peke yake, geuza.

Siku ile nilirudi Nzuguni nikiisukuma. Shemeji akauliza, "Vipi, hukufika?" Sikumjibu.

Kuhusu tairi, kijana yule alinipa siri yake pia. Chukua tairi la zamani lililoisha vipara, kata zile waya za pembeni kwa kisu cha moto, likunje ndani ya tairi zuri, tyubu ndani yake. Fundi wa hapa mtaani alinifanyia kwa elfu tano zote mbili, akacheka kwamba baiskeli ya gia sasa imekuwa nzito kama trekta. Ni kweli. Lakini mbigili hazifiki.

Nilirudia katikati ya Agosti, msimu wa pili wa mavuno ya zabibu (wa kwanza ni Februari na Machi, tope lake la mfinyanzi hunasa magurudumu, usijaribu). Nikatoka saa 11 alfajiri, kwa sababu upepo wa huku unatoka mashariki na ukiamka saa 4 utakusukuma kifuani. Kwenda unapambana nao lakini ardhi inashuka. Kurudi unapanda lakini upepo unakupa mgongo. Huo mpango nilijivunia kana kwamba upepo niliuweka mimi.

Alama za matairi zilinipeleka mpaka mwisho. Mibuyu mitupu bila jani, vumbi jekundu, kengele za mbuzi, na gari moja tu njia nzima, nalo lilikuwa limeharibika. Kabla ya bwawa mizabibu ikaanza, kwenye nguzo na waya, ile aina ya zabibu iitwayo Makutupora nyekundu imeiva hadi nyeusi. Watu wapo shambani na mikasi na makreti. Bwawa lenyewe, la tangu 1957, lilikuwa linang'aa. Nikakaa ukingoni nikala perege wa kukaanga na ugali wa mtama, kama elfu sita. Jioni mwenye shamba mmoja akanionjesha mchuzi wa zabibu, yaani divai changa, kutoka kwenye tangi lake, bado mbichi, mkali, unakunja ulimi. Nilikunywa vikombe viwili, nikaikabidhi baiskeli kwa mwenye nyumba ya wageni asinipe mpaka asubuhi.

Asubuhi ndipo nikaharibu. Nikanunua zabibu kilo 10 hivi, bei rafiki, nikazijaza kwenye ndoo, nikafunga kwa mpira wa tyubu kwenye keria. Njia ya ng'ombe ina matuta madogo madogo. Nusu ya safari juisi ilianza kunichuruzika kwenye kisigino, na nyuki wakaja. Mwanzoni wawili. Nilipofika karibu na Ihumwa nilikuwa na msafara, nikikanyaga pedeli kwa kasi ambayo gia za Kijapani hazikuwahi kuijua, upepo mgongoni kama nilivyopanga.

Mke wangu alifungua ndoo, akachungulia, akachota kidogo kwa kidole akaonja. "Zabibu ziko wapi?"

Shemeji alikuwa amekaa sebuleni.