Are Kumi na Mbili

Tangazo la kiwanja lilisema rupia milioni 150. Binamu yangu wa Maskati alinitumia picha: kilima cha majani mabichi, chini yake ghuba, na bahari rangi ya chupa. Tukapiga hesabu kwa simu, yeye kule na mimi Jambiani, Zanzibar, ikatoka kama shilingi milioni 25 za kwetu. Kwa pesa hiyo ufukweni kwetu siku hizi hupati hata pa kusimamisha banda la kuuzia madafu. "Dada, nenda ukaone kwa macho yako," akasema, "nusu ya nauli juu yangu." Nikaenda.

Kijiji chenyewe kinaitwa Kuta, kusini mwa kisiwa cha Lombok, Indonesia. Natanguliza hilo kwa sababu Bali nayo ina Kuta yake, na hizo ni sehemu mbili mbali kabisa. Siku zangu tatu za Bali siziandiki. Ziliishia kwenye foleni za magari.

Kivuko cha kutoka Padangbai, bandari ya Bali, hadi Lembar ya Lombok kilinichosha kuliko ndege. Niliambiwa mwendo wa saa nne. Tulipofika karibu na Lembar tukaelea saa mbili nyingine tukingoja nafasi gatini, jua likipiga bati, nguo zikigandana na viti vya plastiki. Godoro la kujilaza la kukodi, maji ya moto ya kuloweka tambi nayo ya kununua. Mwenye haraka ni heri apande ndege hadi Praya. Kutoka uwanja ule hadi Kuta ni kama nusu saa kwa gari.

Kuta ilinipokea kwa adhana ya magharibi. Wasasak, wenyeji wa Lombok, wengi wao ni Waislamu, na kisiwa chao hukiita kisiwa cha misikiti elfu moja. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Mchanga wa ufukweni pale si unga kama wetu, ni punje za duara mfano wa pilipili manga, unazama mguu hadi kwenye kifundo. Bei ndiyo iliyoniudhi. Kahawa moja kwenye mikahawa ya barabara kuu rupia 40,000, na ukivuka uchochoro mmoja tu, mama wa Kisasak anakupa wali, kuku na mboga yenye pilipili ya kutoa machozi kwa 25,000. Chumba changu kilikuwa na feni moja inayolia, na bado walinitoza kana kwamba ni msimu wa mbio.

Mbio hizo ndizo zilizopandisha kila kitu. Serikali ililitenga eneo la Mandalika, ambalo Kuta imo ndani yake, kuwa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 2014, zaidi ya hekta 1,000. Mwaka 2021 ukafunguliwa uwanja wa mbio za pikipiki wenye njia ya kilomita 4.3, na Machi 2022 mashindano ya dunia ya MotoGP yakapigwa hapo. Jina la Mandalika ni la binti mfalme wa hadithi zao, aliyejitupa baharini ili wanaume waliokuwa wakimposa wasimwage damu kwa ajili yake. Kila mwaka, Februari au Machi, watu hushuka ufukweni alfajiri kuokota viumbe wa baharini wanaoitwa nyale, wakisema ndio yeye amerudi. Na mwaka 2021 huohuo wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walitoa tamko hadharani kuhusu watu walioondolewa kwenye ardhi zao kupisha mradi. Hayo kwenye tangazo la binamu hayakuwemo.

Dalali alikuja saa mbili asubuhi na pikipiki. Kijana mpole, ananiita "Kak", ndiyo dada mkubwa kwao. Tukapanda kilima kwa njia ya mawe hadi nikashuka nikatembea. Juu kulikuwa na mabua ya mahindi, nyati amefungwa kwenye mti, na kibanda kisicho na kuta wanachokiita berugaq, ameketi mzee na kofia yake. Nikamsalimia kwa salamu ya Kiislamu, akaniitikia, akasogea nikae. Picha haikudanganya. Bahari ilikuwa pale pale, nzuri kuliko kwenye simu.

Nikamwambia dalali bei tunaiweza. Akafurahi, akatoa simu, akaandika 150,000,000, akazidisha kwa 12.

Nikauliza kumi na mbili ya nini. "Are," akasema. Are moja ni mita mraba mia. Bei ya ardhi pale hutajwa kwa are, kila mtu anajua, watoto wanajua, tangazo halikuona haja ya kusema. Kiwanja ni are 12. Rupia bilioni 1.8. Karibu shilingi milioni mia tatu. Nilikaa kimya nikimtazama yule nyati.

Dalali akadhani nasita tu. Akatoa nakala ya hati, na juu yake nikasoma maneno mawili ambayo sikuhitaji mkalimani: Hak Milik. Kiarabu kimetupitia sote. Kule wanasema kabar, waktu, dunia, sabun, wakil, hukum, nasi tunasema habari, wakati, dunia, sabuni, wakili, hukumu. Haki ya kumiliki. Nikamuuliza hati itaandikwa jina langu au la binamu. Akasema la mtu wa hapa, yupo, mwaminifu, kisha tutatia saini karatasi ya pili kwamba pesa ni zetu. Njia hiyo ina jina: pinjam nama, kuazima jina. Alilitaja kwa utulivu kama anayetaja kuazima mwamvuli.

Mzee hakuwa mwenye kiwanja. Dalali alinitafsiria kwamba familia yake iliuza zamani, kabla ya uwanja wa mbio, kwa mtu wa mjini, na yeye anaachiwa kulima mpaka atakapokuja wa kujenga. Aliniuliza kama nitajenga. Nikatikisa kichwa.

Kesho yake nikaenda Praya kwa mthibitishaji wa hati za ardhi, mama mmoja mwenye subira, aliyenitoza ada ndogo ambayo ndiyo pesa pekee niliyoitoa Lombok bila kinyongo. Sheria yao ya ardhi, namba 5 ya mwaka 1960, inampa hak milik raia wa Indonesia peke yake. Ukiipitisha kwa mgeni kwa mlango wa nyuma, mauziano yanabatilika, ardhi inakwenda serikalini na pesa uliyolipa hairudi. Mgeni mkaazi anaweza kupata hak pakai, haki ya kutumia, miaka 30, ikaongezwa 20, kisha 30 tena. Au afungue kampuni ya uwekezaji wa kigeni, ambayo uwekezaji wake lazima uzidi rupia bilioni 10, kwa kawaida bila kuhesabu ardhi na majengo. Au akodi tu kwa miaka waliyokubaliana. Nilimwambia kwetu Zanzibar ardhi ni ya serikali na mgeni hukodishwa. Akasema basi unaelewa.

Nilielewa, na ndipo Jambiani iliponijia. Baba mdogo aliuza shamba la minazi nikiwa darasa la sita. Alinunua pikipiki, akaezeka bati. Pikipiki ilikufa. Leo akitaka kufika pwani anazunguka ukuta wa hoteli kwa uchochoro ambao watu wawili hawapishani, na hajawahi kunilalamikia hata siku moja. Nilimwona yeye kwenye ile berugaq.

Siku ya mwisho nilikwenda Gerupuk, ghuba iliyo mashariki ya Kuta. Nilishuka tu kwa sababu ya harufu. Mwani! Umeanikwa kandokando ya njia, na wanawake wameketi chini wakifunga vipande kwenye kamba. Jambiani mama yangu hungoja maji yatoke, akatembea hadi kwenye vigingi vyake. Hawa kamba zao zinaelea penye kina, wanazifuata kwa mashua. Nikamwonyesha mmoja picha ya mama yuko majini mpaka magotini. Akaita wenzake. Nikaokota kipande kinene nikauliza kwa mkono ni nini, akasema "kotoni", jina lilelile la kwetu. Kwetu kotoni imekuwa ikifa maji yakipata joto, mama amebaki na ile nyembamba ya bei ndogo. Nilifunga nao mpaka alasiri, nao wakinirekebisha fundo.

Binamu alikasirika, kisha akapoa. Nilimlipa nusu ya nusu yake.

Yule mama wa Gerupuk alinipa kipande kikavu, nikakileta kwenye mkoba. Mama alikigeuza, akakivunja, akakinusa, akasema huu ni wa maji ya kina. Akauliza kilo wananunuliwa kiasi gani kule. Nilikuwa nimeuliza bei ya kila kitu Lombok isipokuwa hiyo.