Sauti ya Bibi

Mwaka 2010 nilikuwa na wiki tatu tu tangu nihame Windows na kuingia Ubuntu 10.04, mfumo endeshi wa Linux, na mkononi nilikuwa na rekodi ya saa nzima ya bibi yangu akisimulia utoto wake. Feni ilivuma nyuma ya sauti yake mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kuupunguza ule mvumo kabla ya kuwagawia ndugu, na programu niliyoijua kwa kazi hiyo ni Audacity.

Nikafanya kama nilivyozoea kwenye Windows: nikaingia tovutini, nikapakua. Kumbe nimepakua tar.gz, msimbo ambao bado haujawa programu. Nikaandika ./configure, amri ya kuandaa msimbo ugeuzwe programu, kwenye terminali, mistari ikateremka mbio, ikasimama ghafla: wxWidgets, maktaba ya msimbo ambayo Audacity inaitegemea, haipo. Nikaitafuta hiyo wxWidgets. Nayo ikadai mafaili ya GTK, maktaba nyingine tena. Hadi usiku wa manane folda imejaa, Audacity sina.

Asubuhi nikampigia binamu yangu, aliyekuwa ametumia Linux miaka mingi.

"Mdogo wangu, nani kakutuma uhangaike huko? Fungua Synaptic, andika jina lake."

Nikafungua Synaptic, programu ya kusakinishia programu nyingine, nikaandika Audacity, nikaiwekea alama ya kusakinishwa. Kikachomoza kidirisha chenye orodha ya vifurushi vingine vya programu ambavyo Audacity inavitegemea, kikiuliza kama navyo viwekewe alama. wxWidgets ilikuwemo. Nilikitazama kile kidirisha kwa muda. Yale yaliyonikesha yalikuwa pale, yamepangwa, yanangoja nikubali tu. Kuna watu walioketi wakakagua kipi kinahitaji kipi, toleo gani linaelewana na lipi, wakaviweka vyote kwenye hazina moja. Debian, mfumo wa Linux ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ilikuwa na APT, zana ya kusakinisha vifurushi pamoja na vile vinavyovitegemea, tangu toleo lake la 2.1, mwaka 1999. Watunza vifurushi hao hawatajwi vya kutosha, na mtu akiniambia kusakinisha programu kwenye Linux ni kazi ngumu, nawakumbuka wao kwanza.

Nikakubali, nikaweka nywila, na baada ya dakika chache Audacity ikawa kwenye menyu.

Nikachagua sekunde mbili ambazo bibi alinyamaza, feni ikivuma peke yake, programu ikausoma ule mvumo, kisha nikauondoa kwenye rekodi nzima. Nikavaa hedifoni. Nikamsikia bibi akivuta pumzi kabla ya kulitaja jina la mama yake.