Nilivyohamisha duka la vitabu kwa miguu ya wateja

Watu watatu waliniambia kuhamisha duka la vitabu ni kazi ya siku moja. Wa kwanza ni dalali, naye namsamehe, alikuwa anawahi kamisheni yake. Wa pili ni shemeji yangu, aliyehama nyumba mara saba na anajiona bingwa wa kuhama. Wa tatu ni mimi mwenyewe, usiku ule niliopokea notisi, nikijifariji kitandani.

Habari za notisi, mkataba mpya, rangi na umeme naziruka. Kila mwenye biashara ana yake ya kusimulia hapo, na zote zinafanana. Mimi nataka kusema habari ya vitabu, maana hapo ndipo nilipopotoshwa, na hapo ndipo, niseme bila haya, nilipotumia akili.

Kutoka duka la zamani hadi jipya ni kama mita 400, na barabara moja ya kuvuka. Ukisimama kwenye mlango wa zamani unakiona kibao kipya. Umbali mfupi namna hiyo ni mtego. Ingekuwa mji mwingine ningepanga mapema kama mtu mzima. Kwa kuwa ni pale tu, nilikaa wiki mbili nikisema "pale tu".

Kilichonilevya zaidi ni ukubwa. Duka jipya lina sakafu karibu mara moja na nusu ya lile la zamani, na nililitangaza kwa kila mteja aliyeingia. Mpaka siku fundi seremala alipokuja kupima, akazunguka chumba chote kimya, kisha akauliza, "Sasa bosi, rafu tunaziegemeza wapi?" Pande mbili ni vioo vitupu, kutoka chini hadi juu. Vitabu havikai sakafuni, vinakaa ukutani, na mimi nilikuwa nimekodi sakafu.

Basi nikachukua kamba ndefu, nikapiga fundo kila mita, nikapima vitabu vyenyewe kama mtu anayepima kitambaa. Rafu kwa rafu, usiku, duka limefungwa. Nilipata mita 132. Ukuta wa duka jipya, hata kwa rafu za kupanda hadi dari, ulinipa 118. Ukihama, usiulize una vitabu vingapi. Uliza una mita ngapi za vitabu. Mita 14 zilizobaki tulizitafutia makabati mafupi ya katikati, yanayopeana migongo.

Fundi alitaka kuweka mbao ndefu zisizo na nguzo katikati, eti inapendeza. Nikakataa. Ubao ukiurefusha mara mbili ukaujaza vitabu vilevile mwanzo hadi mwisho, hauongezi kupinda mara mbili tu, unapinda kama mara kumi na sita. Nilikuwa na ushahidi dukani: rafu moja ya zamani iliyobonyea kama mgongo wa punda. Fundi akaitazama, akaongeza nguzo, na bei akaongeza pia. Rafu zote mpya, ukichanganya na mbao na ufundi, zilinila kama kodi ya miezi miwili. Labda miwili na nusu, sitaki kupiga hesabu vizuri.

Ushauri mwingine uliokuja kwa wingi: fanya punguzo kubwa kabla ya kuhama, upunguze mzigo. Nilifanya. Siku nne. Walichonunua watu kwa nusu bei ni vilevile ambavyo wangenunua kwa bei kamili mwezi unaofuata. Ile miongozo ya programu za kompyuta zisizotumika tena, niliyokuwa naombea iondoke, haikuguswa na mtu. Nilipunguza kama mita nne tu, na zilikuwa mita zangu nzuri.

Sasa katoni. Shemeji alikuja na katoni za televisheni, tisa, amefurahi kweli. Nikamwambia hizi ni kubwa mno. Akasema, "Wewe jaza, acha uoga." Tulijaza moja. Tuliinua watu wawili, ikanyanyuka, ikafika magotini, halafu ikabaki mikononi mwetu nyepesi kabisa. Kitako na vitabu vyote vilikuwa vimebaki chini. Karatasi ni mti, na mti ni mzito: hata katoni ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30, ukiijaza sawasawa, inafika kilo ishirini hivi, na hapo ndipo mgongo wa binadamu wa kawaida unapoanza kulalamika. Tukarudi kwenye katoni ndogo. Na ndani yake, vitabu visimame kama vilivyo rafuni au vilale. Ukiviinamisha mgongo juu na kurasa chini, uzito wa kurasa unavuta gundi, na unafungua katoni kukuta majalada upande huu na vitabu upande ule.

Sehemu ya watoto, mita 24, katoni 24, nilikusudia iwe majaribio. Iende kwa lori siku mbili kabla, tuone. Na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu nilijiona mjanja sana.

Ukitoa vitabu rafuni kuanzia kushoto na kuvilaza katonini, cha kwanza kinakwenda chini kabisa. Ukifika unafungua, cha mwisho kiko juu. Kwa hiyo unapanga rafu kinyumenyume. Mimi nililigundua hilo kabla, nikaamuru tupakie kuanzia kulia. Kijana wangu wa kaunta akaniangalia kwa heshima mpya. Kisha nikafikiria lori: kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Kwa hiyo katoni namba 24 itangulie kuingia na namba 1 ifunge mlango. Heshima ikaongezeka. Nilisimama nyuma ya lori nikielekeza kama nahodha wa meli.

Tukafika. Namba 1 ikatoka kwanza, kama nilivyotabiri. Wabebaji wakaiweka chini, ukutani, vizuri. Namba 2 wakaiweka juu yake. Namba 3 juu ya 2. Mimi nilikuwa nje nalipa lori. Niliporudi, namba 1 ilikuwa chini ya rundo, imebeba wenzake, na 24 iko juu ya rundo la mwisho inanitazama. Nilikuwa nimefikiria migeuko miwili nikausahau wa tatu. Kama hiyo haitoshi, namba zote nilikuwa nimeziandika kwenye kifuniko, kwa maandishi makubwa mazuri, na vifuniko vyote vilikuwa vimefunikwa na katoni za juu. Kijana wa kaunta hakusema kitu. Alianza tu kubomoa marundo. Andika namba ubavuni, tena pande mbili.

Sehemu ya watoto ilituchukua hadi usiku. Zilibaki kama mita 104, na nikaapa sitapanda lori tena.

Ndipo kila mtu akaniletea habari ya mnyororo. Huenda nawe umeiona. Mwaka 2018, duka la October Books la Southampton, Uingereza, lilihamia jengo lililo mita kama 150 hivi kutoka la zamani, kwa msaada wa watu zaidi ya mia mbili waliopanga mstari na kupokezana vitabu mkono kwa mkono. Aprili 2025, Serendipity Books la mji wa Chelsea, jimbo la Michigan, Marekani, likafanya hivyohivyo: watu kama 300, vitabu 9,100, kimoja kimoja, chini ya saa mbili, na vikaingia rafuni kwa mpangilio wake. Jambo zuri sana. Nilitazama picha zao nikatokwa machozi, nikabandika tangazo mlangoni.

Nilichosahau ni kwamba wenzangu walikuwa na watu wa kutosha. Mimi walinijia 37, na nawapenda wote hadi leo. Gawa mita 400 kwa watu 37: kila mmoja anabaki na karibu mita 11 za peke yake. Huo si mnyororo, ni mbio za kupokezana vijiti za watu wasiojua kukimbia. Kila mmoja akawa anachukua kitabu, anatembea mita zake 11, anamkabidhi mwenzake, anarudi. Barabarani kila gari likipita mstari unasimama, na nyuma vitabu vinajaa.

Hilo tungelivumilia. Lililotuua ni kusoma. Niliwaalika wapenda vitabu nikawapa vitabu mikononi, kimoja baada ya kingine, halafu nikategemea wasivifungue. Mama mmoja alikuwa akisoma jalada la nyuma la kila kitabu kabla ya kukiachilia, kila kimoja, kama mkaguzi. Kijana mmoja wa kama miaka kumi na sita alipokea riwaya ya kijasusi, akaifungua katikati, akakaa ukingoni mwa barabara. Nyuma yake dada mmoja alikuwa ameshalundika vitabu kumi na kimoja hadi kidevuni, hawezi kuona mbele, anaita, "Pokea basi! Pokea!" Kijana akainua kidole kimoja, yaani subiri nimalize ukurasa.

Saa moja ilipopita nilikwenda kuhesabu. Vitabu 212. Nilibakiwa na zaidi ya 4,000. Kwa mwendo ule tungemaliza kesho yake usiku, endapo hakuna mtu angekutana na riwaya nyingine nzuri.

Wazo lililotuokoa huwa nasema ni langu. Ukweli ni kwamba mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu tangu siku ya kufungua, alichoka kusimama, akaingia dukani, akachomoa vitabu kama kumi na tano vya mashairi, akavibana kifuani na kusema, "Hawa nawapeleka mwenyewe." Akaondoka. Baada ya dakika kumi na kitu akarudi mikono mitupu, akachukua wengine. Nilimtazama mara mbili hizo, ndipo akili ikafunguka. Mnyororo wa nini? Watu wana miguu.

Nikatangaza mapumziko. Mimi na kijana wa kaunta tukachana karatasi za mashine ya risiti, tukaandika namba mbilimbili. Kila sentimita 40 za vitabu, kushoto kwenda kulia, ni mzigo mmoja: kama kilo saba hivi, mfuko wa kitambaa unaweza, mtu yeyote anaweza, watoto tukawapa nusu. Namba moja inaingia mfukoni. Namba pacha yake kijana akakimbia nayo duka jipya, akaibandika kwa selotepu kwenye rafu, pale hasa mzigo ule unapoanzia.

Uzuri wake ni huu: haijalishi nani anatangulia kufika. Mzigo namba 90 ukifika kabla ya namba 3, unakwenda kukaa kwenye kiti chake kama abiria mwenye tiketi. Hakuna rundo, hakuna chini wala juu, hakuna mgeuko wa kwanza wala wa tatu. Na anayebeba ndiye anayepanga: vitabu vilevile 18 alivyovitoa kwa mkono wake anavirudisha kwa mkono wake, kwa mfuatano anaoukumbuka bado. Anayetaka kusoma asome akitembea, mradi avuke barabara akiwa amefunga kitabu.

Mizigo 260, watu 37, safari saba saba. Wengine walikwenda tisa, wengine nne wakakaa chini. Tulianza upya karibu saa tano asubuhi na saa nane na nusu mchana duka la zamani lilikuwa na rafu tupu na vumbi. Gharama ya siku hiyo ilikuwa selotepu, mifuko na maji ya kunywa, pungufu ya nilichomlipa mwenye lori kwa zile katoni 24 peke yake. Shemeji alifika saa tisa, akauliza kama tunahitaji katoni.

Mambo mawili hayakwenda sawa. La kwanza, vile vioo. Nilikuwa nimesahau jua, na ndani ya miezi michache migongo myekundu iliyokaa upande ule ilianza kuwa ya waridi. Sasa upande wa vioo nimeweka vile vitabu vya mtumba ambavyo jua lilishavimaliza huko vilikotoka.

La pili ni mashairi. Katika duka la zamani yalikaa rafu ya tatu kutoka chini, usawa wa kiuno, na namba zake nilizibandika vilevile. Jioni nilipokagua nikayakuta rafu ya tano, na waandishi wa safari wameshushwa mahali pake. Nikamuuliza mwalimu mstaafu kama hakuiona karatasi. Akasema, "Niliiona. Washairi hawakai kiunoni, mwanangu."

Nilichoka kubishana, nikayaacha. Mpaka leo wateja wa zamani wakiingia wanakwenda moja kwa moja kwenye kona ile huku wanaongea nami, hawatazami, mkono unashuka kiunoni wenyewe na kuchomoa kitabu. Wanakitazama, wanakuta ni safari za jangwani. Halafu wanainua macho taratibu, rafu ya nne, rafu ya tano.